Ndege Nyepesi, Ndege Nzito: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita



Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kukupatia maarifa ya kutosha juu ya ndege moja ya vita, Zero ya Japani, ili uweze kuitumia kufundishia jambo ambalo wanafunzi wengi huliona gumu, yaani uhusiano baina ya uzito, nguvu na mwendo. Ya pili ni kukueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mkufunzi, nilipokuwa nikikagua somo hilo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kosa hilo nimelieleza kwa kirefu kwa sababu naamini kuwa wengi wetu hulifanya bila kujua, na anayeumia ni mtoto.

1. Kwa nini ndege hii?

Huenda ukauliza: mtoto wa Buhare, aliyezoea mitumbwi ya dagaa na mikokoteni ya ng'ombe, anafaidi nini kwa kusoma habari za ndege iliyoundwa Japani zaidi ya miaka 80 iliyopita? Swali hilo ni la haki, nalo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba ndege hii ni mfano ulio wazi wa kuchagua. Mvuvi anayepakia mtumbwi wake anajua kuwa akiongeza mzigo anapunguza mwendo. Akitaka kufika mapema hana budi kuacha kitu ufukoni. Muundaji wa chombo chochote yumo katika hali hiyo hiyo. Zero iliundwa na watu walioacha vitu vingi ufukoni, na historia imetuonyesha walipata nini na walipoteza nini.

Jibu la pili ni kwamba habari za ndege hii zinatugusa. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Jumapili ya Pasaka, ndege zilizotoka katika manowari za Kijapani za kubebea ndege zilishambulia Colombo, katika kisiwa kilichoitwa Ceylon na ambacho sasa ni Sri Lanka. Tarehe 9 Aprili zikashambulia bandari ya Trincomalee. Zero ndizo zilizowalinda washambuliaji hao. Waingereza walipoteza manowari kadhaa, na sehemu ya kundi lao la manowari za Mashariki ikarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Wataalamu wao wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani nao walihamia Mombasa, wakafanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mwezi Mei mwaka huo huo nyambizi ya Kijapani I-30 ilirusha ndege ndogo ya upelelezi, yenye vyelezo vya kutulia majini, ikapita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam.

Zaidi ya hayo, mwaka 1942 askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipelekwa Ceylon, na mwaka 1944 wengine wengi wakapigana Bama. Mkoa wetu wa Mara ulitoa askari wengi. Kwa hiyo usishangae mtoto akikuambia kuwa baba wa babu yake alikwenda vita hivyo. Yafaa ujiandae kumjibu kwa usahihi: huko Bama ndege ya Kijapani waliyoiona zaidi haikuwa Zero, bali Hayabusa, ndege ya jeshi la nchi kavu iliyotengenezwa na kampuni ya Nakajima kwa kufuata mawazo yale yale ya wepesi.

2. Maarifa ya mwalimu

Mwaka 1937 jeshi la majini la Japani lilitoa masharti ya ndege mpya ya kupigana angani. Lilitaka ndege itakayokwenda kilomita 500 kwa saa, itakayobeba mizinga miwili ya milimita 20, itakayoweza kukaa angani saa 6 hadi 8 kwa mwendo wa kiasi ikiwa na tangi la ziada, na ambayo bado itageuka kwa wepesi kama ndege ndogo iliyokuwa ikitumika wakati huo. Kampuni ya Nakajima iliyatazama masharti hayo, ikaona hayawezekani, ikajitoa. Kampuni ya Mitsubishi ilibaki, na kazi ikakabidhiwa mhandisi Jiro Horikoshi.

Tatizo la Horikoshi lilikuwa injini. Nchi yake haikuwa na injini ndogo yenye nguvu nyingi. Injini ya Sakae iliyotumika katika Zero za mwanzo za vita ilikuwa na nguvu za farasi 940 tu. Asiyeweza kuongeza nguvu hana budi kupunguza uzito, na hilo ndilo alilolifanya. Alitumia aloi mpya ya aluminiamu iliyokuwa imebuniwa Japani mwaka 1936, yenye nguvu kuliko zile za awali, katika mihimili ya mabawa. Sehemu za ndani zilitobolewa matundu pale ambapo chuma hakikuhitajika. Bawa zima lilijengwa kwa pamoja na sehemu ya kati ya kiwiliwili, ili kuepuka uzito wa viungo na bolti. Vichwa vya ribiti vililazwa sawasawa na ngozi ya ndege ili hewa ipite bila kizuizi.

Ndege ya kwanza ya majaribio ilipokamilika Machi 1939, kiwanda cha Nagoya hakikuwa na uwanja wa kuirushia. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika mikokoteni ya ng'ombe, ikasafirishwa polepole hadi uwanja wa Kagamigahara, kiasi cha kilomita 48. Wasimulie wanafunzi habari hiyo bila kuacha neno. Mtoto wa Mara anayemjua ng'ombe wa plau atatambua kuwa nchi inaweza kuwa na ujuzi mkubwa mahali pamoja na barabara mbovu mahali pengine. Ndege hiyo iliruka tarehe 1 Aprili 1939. Mwaka 1940 ikakubaliwa rasmi. Kwa kalenda ya Kijapani mwaka huo ulikuwa wa 2600, na ile sifuri ya mwisho ndiyo asili ya jina la Zero.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Tarehe 13 Septemba 1940, Zero 13 zilikutana na ndege za Kichina karibu na Chongqing, zikaangusha nyingi bila kupoteza hata moja. Ndege ya kawaida ya namna hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 2,400 hivi ikiwa imejazwa. Wildcat ya Marekani, iliyopambana nayo mwaka 1942, ilikuwa na kilo 3,600 hivi na injini ya nguvu za farasi 1,200. Waache wanafunzi wagawanye wenyewe: katika Zero kila nguvu moja ya farasi ilibeba kilo 2.6 hivi, katika Wildcat ilibeba kilo 3. Hesabu hiyo fupi inaeleza kwa nini Zero, yenye injini dhaifu zaidi, ilipanda juu upesi zaidi na kugeuka katika nafasi ndogo zaidi.

Sasa tuje kwenye vilivyoachwa ufukoni. Zero za mwanzo hazikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani mgongoni. Matangi yake ya petroli hayakuwa ya aina inayojiziba yenyewe inapotobolewa na risasi. Kwa hiyo ndege iliyopigwa kidogo tu iliweza kuwaka moto. Tena, muundo wake mwepesi haukupenda mwendo mkali wa kushuka. Marubani wawili wa majaribio walikufa ndege zao zilipovunjika katika kupiga mbizi, mmoja Machi 1940 na mwingine Aprili 1941, na baada ya kila ajali marekebisho yalifanywa.

Juni 1942 Zero moja ilijaribu kutua katika kisiwa cha Akutan, kaskazini ya mbali ya Marekani. Ardhi ilikuwa tope, ndege ikapinduka, rubani akafa. Wamarekani waliipata mwezi uliofuata, wakaitengeneza, na Septemba 1942 wakaanza kuirusha huko San Diego. Waliona kuwa katika mwendo mkubwa usukani wake wa kulalia upande ulikuwa mgumu sana, na kwamba injini ilikatika ghafla pua iliposukumwa chini kwa nguvu. Ushauri waliopewa marubani wao ukatiliwa nguvu: usishindane na Zero kwa kuzungukazunguka, ukibanwa, elekeza pua chini na ukimbie kwa kupiga mbizi, kwa maana ndege nzito na imara itaiacha.

Shika sana jambo hilo la mwisho. Mimi sikulishika, nalo ndilo lililonifedhehesha.

3. Zana na hatua za somo

Zana ni chache na hazina gharama: karatasi tatu zinazolingana kutoka daftari moja, vibanio vitano vya karatasi, kamba, jiwe dogo na chaki. Fanya somo asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, au ndani ya chumba madirisha yakiwa yamefungwa.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi wakunje ndege tatu za umbo moja. Waziite A, B na C.

Hatua ya pili: Watafute mahali pa mizani pa kila ndege kwa kuilaza juu ya kidole mpaka itulie. Hapo hapo wapachike vibanio: A isiwe na kibanio, B iwe na kimoja, C iwe na vinne. Wakivipachika puani au mkiani watakuwa wamebadili mambo mawili kwa mara moja, uzito na mizani, nao hawatajua ni lipi lililoleta tofauti.

Hatua ya tatu: Watengeneze saa ya kamba. Jiwe lililofungwa katika kamba yenye urefu wa sentimita 25, kutoka linapofungwa juu hadi katikati ya jiwe, huenda upande mmoja kwa nusu sekunde. Mwanafunzi mmoja ahesabu miendo hiyo kwa sauti.

Hatua ya nne: Mwanafunzi mmoja asimame juu ya meza imara, arushe ndege zote kwa nguvu ileile, mbele bila kuinua pua, mara tano kila moja. Wenzake waandike mambo mawili: ndege imefika umbali gani, na imekaa hewani miendo mingapi ya jiwe.

Hatua ya tano: Wanafunzi waeleze walichoona. Ndipo mwalimu asimulie habari za Zero, wala si kabla.

4. Kosa langu

Katika andalio la kwanza la somo hili, ambalo tulilitunga chuoni mimi na wanachuo wangu, hatua ya nne ilikuwa na kipimo kimoja tu, yaani umbali. Hatukuwa na saa ya kamba. Tena tuliandika mapema katika safu ya matokeo: «Ndege nyepesi itafika mbali kuliko nzito.» Hatukuijaribu. Tuliona jambo hilo ni dhahiri.

Mwanachuo mmoja alilifundisha somo hilo katika shule ya jirani, nami nikaketi nyuma ya darasa na fomu ya ukaguzi mapajani. Kikundi kimoja kilikuwa na msichana mtulivu aliyerusha ndege zake kwa uangalifu kuliko wenzake. Baada ya mara tano aliinua mkono akasema, «Mwalimu, yenye kibanio kimoja imefika mbali kuliko isiyo na kitu.» Mwanachuo alitazama andalio lake, akamtazama msichana, akamwambia arudie mpaka apate jibu sahihi. Msichana alirudia. Jibu likawa lile lile. Aliambiwa kuwa anarusha vibaya, na ndege akapewa mvulana. Hakuinua mkono tena kipindi chote.

Nami niliandika nini katika fomu? Niliandika kuwa zana hazikutayarishwa vizuri, nikapunguza alama. Juu ya kurudishwa nyuma kwa msichana yule sikuandika hata neno moja.

Jioni ile nilikunja karatasi tatu katika ukumbi wa chuo ili nione kasoro ya zana. Nilirusha mpaka giza likaingia. Ndege B ilifika mbali kuliko A mara nyingi. C ndiyo iliyoshuka kwa ukali na kufika chini upesi. Nilikaa kitako nikafikiri upya, na maelezo yakaja yenyewe. Mabawa yale yale yanapobebeshwa uzito zaidi hayana budi kuikata hewa kwa kasi zaidi ili yaubebe mzigo. Kwa hiyo ndege nzito kidogo hailazimiki kufika karibu. Inaweza kufuata mteremko ule ule, lakini inaupita upesi zaidi. Tena mkono unapoirusha, hewa haiipunguzii mwendo upesi kama inavyoipunguzia karatasi tupu. Tofauti ya kweli baina ya nyepesi na nzito imo katika muda wa kukaa hewani, si katika umbali. Nilifunga jiwe katika kamba, nikahesabu, na ndivyo ilivyokuwa: A ilielea muda mrefu zaidi, B ikafuata, C ikawa ya mwisho.

Ona sasa ajabu yake. Jibu lililokataliwa darasani ndilo lile lile ambalo marubani walilitumia kuiepuka Zero. Nyepesi huelea na kugeuka vizuri, lakini nzito iliyo imara huishinda katika kushuka kwa kasi. Msichana wa Darasa la Sita alikuwa ameiona sehemu ya sababu hiyo kwa kibanio kimoja, nasi tulikuwa tumemnyamazisha kwa sababu haikuwamo katika safu yetu ya matokeo.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kurudi pamoja na mwanachuo wangu. Mwanachuo alisimama mbele ya darasa akasema kuwa jibu la msichana lilikuwa sahihi na andalio letu lilikuwa na makosa. Nami nikasema kuwa kosa lilianzia chuoni, kwangu. Darasa lilikaa kimya, nadhani kwa mshangao. Kisha tulitoa kamba na jiwe tukaanza upya, na msichana ndiye aliyehesabu. Alama za mwanachuo nilizisahihisha, na maelezo yangu ya awali nikayafuta kwa mstari mmoja ili bado yasomeke.

Tangu hapo tuna kanuni moja chuoni: hakuna jaribio linaloingia katika andalio la somo kabla mwandishi wake hajalifanya kwa mikono yake, angalau mara tano.

5. Tahadhari

Jambo moja bado linahitaji uangalifu. Watoto hupenda ndege za vita, nao wanaweza kuanza kushangilia. Usiwakaripie, lakini usiwaache hapo. Zero zaidi ya 10,000 zilitengenezwa, nazo zilitengenezwa ili kuua watu. Wachina, Wamarekani, Waingereza na Wajapani wenyewe walikufa kwa ajili yake au ndani yake. Tangu Oktoba 1944 nyingi kati yake ziliendeshwa makusudi kuzigonga meli, rubani akiwa ndani. Watu wa kwetu nao walilipa: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Wala usiruhusu maelezo mepesi kwamba Wajapani hawakujali uhai wa watu wao, ndiyo maana hawakuweka bamba la chuma. Injini ilikuwa na nguvu ndogo, masharti yalikuwa makubwa, na marubani wengi wenyewe walipendelea ndege inayogeuka kwa wepesi, wakiamini kuwa asiyepigwa hahitaji ngao. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Hata hivyo aliyeketi mbele ya tangi lisilo na kinga hakuwa yule aliyeandika masharti. Waulize wanafunzi: kitu kinapoachwa ili chombo kiwe chepesi, ni nani anayelipa? Kisha waulize swali hilo hilo juu ya mtumbwi uliojazwa kupita kiasi, au gari la abiria lililopakia hadi mlangoni. Mtoto wa kando ya ziwa atakuwa na la kusema.

6. Kazi kwa mwanachuo

a) Fanya jaribio la sehemu ya 3 mara tano kwa kila ndege. Andika matokeo yote, hata yale usiyoyatarajia.

b) Eleza kwa maneno ya mtoto wa Darasa la Sita kwa nini ndege B huweza kufika mbali kuliko A, ilhali A hukaa hewani muda mrefu zaidi.

c) Wanafunzi wakikuuliza, «Kwa nini hawakuweka injini kubwa zaidi?», utawajibu nini? Kumbuka kuwa injini kubwa nayo ina uzito, na hutaka petroli nyingi zaidi.

d) Chukua andalio moja la somo ulilokwisha kulifundisha. Tafuta ndani yake matokeo uliyoyaandika bila kuyajaribu. Yajaribu. Ukikuta yana makosa, rudi darasani ukaseme hivyo, na umtaje kwa jina mwanafunzi aliyeona kabla yako.